Ulimi wa Kabula

Nakumbuka mchana mmoja wa Juni, mwanangu, nyumbani kwetu Samuye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mpana tunachambua pamba. Kulia kwangu lilikuwepo lundo la pamba safi, ile nyeupe isiyo na doa. Kushoto lilikuwepo lundo la pamba fifi, iliyoguswa na mvua au na mdudu. Ndiyo kazi ya nyumba nzima baada ya mavuno: kila tonge la pamba lipite mkononi mwa mtu, litazamwe, liwekwe upande wake. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Sikujua kwamba kabla jua halijashuka nitakuwa nimemchambua mdogo wangu wa tumbo moja na kumtupa kwenye lundo la fifi mbele ya watu.

Unistahimilie nikisimulia polepole. Nywele zangu sasa ni nyeupe kuliko pamba ile, lakini nikilifikia neno nililolisema siku hiyo, nakuwa tena yule msichana aliyelisema.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana. Katika miaka ile ya sabini, mabinti wa kijiji chetu waliofika huko ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vingine vingebaki. Watu walimwambia baba yangu, "Masanja, unamnenepesha ng'ombe wa jirani," maana binti huolewa akaenda na akili zake. Aliyejibu ni mama. Nilipochaguliwa, aliuza samli yake yote aliyoiweka kwa ajili ya kujinunulia kitenge, akaninunulia sanduku la bati, akalibeba kichwani mwenyewe hadi barabarani. "Minza," aliniambia, na Minza ndilo jina langu, "nenda kasome hata sehemu yangu."

Nikasoma. Na kilichonitia kiburi kwanza kilikuwa fizikia.

Likizo moja mkokoteni wetu ulizama kwenye tope la mbuga, umebeba mahindi hadi juu. Ng'ombe walivuta mpaka povu likawatoka; wanaume wanne walisukuma, gurudumu likazidi kuzama. Mimi nikatafuta gogo refu, nikaweka jiwe karibu na gurudumu, nikapitisha gogo juu ya jiwe mpaka chini ya ekseli, kisha nikamwambia baba akalie ncha ya mbali. Mkokoteni uliinuka kama mtu anayeamka usingizini. "Hiyo ni nyenzo, baba," nikasema. "Egemeo likiwa karibu na mzigo, na mkono ukawa mrefu, mtu mmoja anakuwa wanne. Ni sheria. Haijawahi kukosea." Siku nyingine nilimwonyesha babu yangu jinsi fimbo iliyochovywa majini inavyoonekana imevunjika, kumbe ni nuru ndiyo inayopinda njia. Basi baba akawa ananitembeza na maneno yangu kama mtu mwenye redio mpya. Wageni wakija, huita, "Minza! Waambie habari ya gogo." Fizikia ilinipa kiti katika nyumba ya baba yangu, mwanangu. Na mtu akishapewa kiti, kila atakalolisema akiwa amekalia kiti kile huonekana la kweli.

Siku ile kwenye mkeka tulikuwa sita. Baba, mama, kaka yangu Maduhu, Shangazi Holo ambaye ni dada wa baba, mimi, na kitindamimba wetu Kabula, mwenye miaka sita, meno ya mbele yameshang'oka yote. Babu hakuwepo, alikuwa ameenda kuwatazama ng'ombe wake aliowaacha malishoni kwa rafiki yake.

"Minza," baba akasema, "tuambie mambo ya huko shuleni. Mikono inafanya kazi, masikio yamekaa bure."

Muhula huo tulikuwa tumesoma urithi katika baiolojia: jinsi mzazi anavyompa mtoto pua, kimo, rangi. Nikawaeleza. Kisha nikasema, "Kuna watu wanaoweza kuinua kingo mbili za ulimi ukawa kama mfereji. Wengine hawawezi hata wafanyeje. Toeni ndimi tuone."

"Mimi nimtolee ulimi mtoto niliyembeba mgongoni?" Shangazi Holo akang'aka. "Laana hiyo ataibeba nani?"

"Ni somo tu, shangazi."

"Haya. Ila somo lisiniingize nzi."

Tulicheka sana. Baba alijaribu, ulimi wake ukalala bapa kama kandambili. Mama naye alijaribu, akashindwa, akajifunika uso kwa aibu ya kicheko. Maduhu alishindwa. Shangazi alishindwa akasema ulimi wake ni wa kusemea, hauna michezo. Mimi pia siwezi, hadi leo siwezi.

"Na mimi! Na mimi!" Kabula akaruka katikati ya mkeka. Akatoa ulimi, akaukunja ukawa mfereji mzuri kabisa, kisha akapuliza pumzi ndani yake ikatoa mlio kama filimbi.

Nikapiga makofi. Nikasema kwa furaha, mwanangu, kwa furaha kabisa, "Kabula! Kwa kitabu wewe hukutakiwa kuwepo!"

"Vipi?" baba akauliza, bado anatabasamu.

"Kwa sababu kukunja ulimi ni sifa yenye nguvu. Kwa mwenye nayo haiwezi kujificha. Wewe huna, mama hana. Wazazi wawili wasio nayo hawawezi kumzaa mtoto mwenye nayo. Haiwezekani. Ni sheria, kama ile ya nyenzo."

Kama ile ya nyenzo. Maneno manne. Laiti ningaling'atwa na nge kabla ya kuyamaliza.

Baba aliacha kutabasamu. "Rudia," akasema.

Na mimi, kwa kuwa nilipenda kuombwa kurudia, nilirudia. Nikachukua matonge mawili ya pamba fifi nikasema huyu baba, huyu mama. Nikachukua tonge moja la pamba safi nikasema huyu Kabula. "Sasa hili jeupe limetoka wapi?" nikauliza, kama mwalimu anayeuliza darasa.

Niliinua macho nikauona mkono wa mama. Ulikuwa umesimama hewani, umeshika pamba, haushuki wala haupandi. Macho yake yalikuwa kwangu. Mpaka leo sijaona macho mengine kama yale; hayakuwa na hasira, yalikuwa ya mtu aliyechomwa kisu, akageuka, akamkuta aliyekishika ni mwanawe.

Ndipo Shangazi Holo alipozungumza, polepole, bila kumtazama mtu. "Kwamba ni wa mama yake, hilo halina shaka. Mimi ndiye niliyemkata kitovu. Ya baba siyajui."

Hukumu ikawa imekamilika. Nilisikia kuku akiparura nyuma ya ghala. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa ulimi wa mtu mwingine. Kabula peke yake aliendelea kupuliza filimbi yake akizunguka mkeka, akisubiri tucheke tena.

"Baba," nikasema, "ni mfano tu wa kitabuni..."

"Umesema ni sheria." Akasimama, akakung'uta pamba magotini, akaenda zizini.

Hakumpiga mama, wala hakumtukana. Afadhali angetukana, tungejua pa kushika. Aliacha kula chakula cha mkono wake. Mama aliweka ugali mbele yake, ukapoa, mama akauondoa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na siku zote tatu mama alikaa kwenye mkeka peke yake akachambua pamba, safi huku, fifi huku, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipokwenda kumsaidia aliniambia, "Kaa na vitabu vyako." Hakuinua sauti.

Siku ya tatu alasiri lundo likaisha. Aliukunja mkeka, akanawa mikono, akafunga khanga zake mbili na gauni la Kabula. Nikamkamata mkono mlangoni. "Mama, usiende. Kwa nini ulimaliza pamba yote kama ulikuwa unaondoka?"

"Ili wasiseme niliacha kazi ya watu katikati," akajibu. Akamshika Kabula mkono, wakaenda barabarani kusubiri lori la kuelekea Kahama, na kutoka huko wakafika Segese kwa wazazi wake.

Barabarani palepale aliponifikishia sanduku langu.

*

Babu alirudi siku iliyofuata. Tulimwita Guku, kama Wasukuma wote wanavyomwita babu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza habari yote kwa Maduhu, kisha akaniita zizini alikokuwa anakamua. Nilisimama, yeye amechuchumaa, maziwa yanalia kwenye kibuyu.

"Nasikia umekuwa hakimu."

Nikaanza kulia.

"Usilie kwanza, utanishtulia ng'ombe. Sikiliza. Kabula hana kesi. Kwetu mtoto ni wa ng'ombe waliotoka. Ng'ombe wa mahari ya mama yako walitoka kwenye zizi hili, niliwaswaga kwa mkono wangu. Atakachozaa ni cha hapa, hata kingezaliwa na pembe. Hilo limekwisha." Akakamua kidogo. "Lakini hilo linamlinda mtoto tu. Mama yako halimlindi. Nikimrudisha kwa neno la ng'ombe, atarudi kama mwizi aliyesamehewa, wakati labda hajaiba. Nani atamtoa hapo? Si mimi. Ni yule aliyemwingiza."

"Guku, lakini kitabu..."

"Kitabu nimekiacha. Nakuuliza wewe. Uliwahi kuniambia fimbo majini inaonekana imevunjika kumbe haijavunjika. Mimi nimeingiza fimbo majini maisha yangu yote na sikujua. Nilikushangaa nikasema, huyu mtoto ana macho ya pili. Sasa mbona uliuona ulimi umepinda ukasema nyumba imevunjika? Ulitazama mara ngapi?"

"Mara moja."

"Watu wangapi?"

"Sita, Guku."

"Ng'ombe sita mimi siwaiti kundi." Akasimama, akanikabidhi kibuyu cha maziwa. "Kesho uanze. Kaya kwa kaya. Uwatazame ndimi hadi uchoke. Ukikuta kitabu ni kweli, utakuja kuniambia. Ukikuta ni uongo, utakwenda kumwambia mama yako."

Nilikwenda, mwanangu. Nilichukua daftari na penseli nikapita kijiji kizima cha Samuye nikiomba watu watoe ndimi. Habari ilikuwa imeshatangulia. "Huyo anakuja, binti wa ndimi!" watoto walipiga kelele. Mzee mmoja aliuma meno akakataa kufungua kinywa hata kunijibu salamu. Niliposema shikamoo aliitikia kwa kichwa. Wanaume waliokuwa wakinisifu kwa habari ya gogo sasa walisema, "Masanja, leo binti yako anamtafutia nani baba?" Mwanamke mmoja, mama wa watoto saba, alisimama mlangoni akanyoosha mikono pande zote mbili. "Hapa usimpime mtu," akasema. "Nimeolewa vizuri. Niache na ndoa yangu." Na machoni mwake niliona hofu, naye hana kosa lolote. Nilishtuka. Nilikuwa nimebeba penseli tu, lakini watu walinikimbia kama niliyebeba ndui.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta Kulwa njiani na mkokoteni wake. Kijijini walikuwepo mapacha wawili, Kulwa na Doto, vijana waliokuwa wakisomba magunia ya pamba kwenda chama cha ushirika. Walifanana hata mbwa wao alikuwa akikosea. Kulwa alikuwa mcheshi. Akatoa ulimi, akaukunja barabara, akasema, "Andika vizuri, na useme sijaoa." Nikaandika.

Alasiri nikawa narudi nimechoka, nikamkuta yupo kisimani ananywesha ng'ombe. Sikuwa na uhakika kama nilikuwa nimemwandika vizuri, nikamwomba tena.

"Tena?" akasema. Akatoa ulimi. Ukalala bapa. Akajikaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Bapa.

"Kulwa, usinitanie. Asubuhi uliukunja."

"Asubuhi hukuniona mimi. Mimi ni Doto."

Penseli ilinidondoka. Nilimtazama kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya. Maana ndani ya kitabu kilekile, ukurasa haukuwa mbali, imeandikwa kwamba mapacha wa kufanana hutoka katika yai moja lililogawanyika, kwa hiyo urithi wao ni mmoja, wote. Alicho nacho huyu, yule anacho. Kama kukunja ulimi ni sheria ya damu na hakuna kingine ndani yake, Kulwa asingeweza na Doto akashindwa.

"Doto, niambie kweli. Unajifanya?"

"Dada Minza, naye Kulwa ananicheka tangu utotoni kwa jambo hilihili! Ningeweza ningekuwa nimeshamnyamazisha."

Nikakimbia hadi kwa mama yao. Nilifika nikihema. "Mama Kulwa, wanao walizaliwa na kondo moja au mawili?"

"Moja," akasema, akinitazama kwa wasiwasi. "Mkunga alilizika hapo nyuma. Mimi mwenyewe nawatenganisha kwa kovu la Doto la goti. Kwani wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu, mama. Wameniokoa." Nikakaa chini kwenye vumbi la uwanja wake nikalia, na huyo mama, bila kujua nililia nini, akaniletea maji.

*

Jioni hiyo hiyo, jua bado lipo, niliwapeleka Kulwa na Doto kwa baba. Alikuwa anashona midomo ya magunia.

"Baba, naomba uwatazame hawa."

Wakatoa ndimi, huyu mfereji, huyu bapa. Baba akatazama. Akawaambia wabadilishane nafasi, wakabadilishana. Akawaambia tena. Hata Kulwa alipotaka kufanya mzaha alinyamaza, kwa jinsi baba alivyokuwa akipumua.

Nikamweleza habari ya yai moja na kondo moja. "Kwa hiyo si sheria, baba. Labda kitabu kimerahisisha. Labda mimi sikukielewa. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilisema haiwezekani, na inawezekana."

Baba aliketi juu ya gunia. Mapacha wakaaga taratibu wakaondoka. Kisha akasema jambo lililonishtua kuliko yote, kwa kuwa sikuwahi kudhani kwamba baba yangu ana chumba ndani yake ambacho sijakiingia.

"Mwaka wa kuzaliwa Kabula nilikaa Nkome miezi mitatu, nikinunua dagaa mwaloni, kando ya ziwa. Nilirudi, na mtoto akazaliwa kabla miezi tisa haijatimia tangu nirudi. Mkunga alisema ni njiti. Nilikubali. Lakini kuna sehemu ndogo ilikataa, nikaifunika. Miaka sita nimeifunika. Nyasi zilikuwa zimeshakauka, Minza. Wewe ulileta kiberiti tu."

"Kwa nini hukumuuliza mama?"

"Niliona haya," akasema baba yangu. Mtu mzima, mwenye ng'ombe, mwenye mkokoteni.

Safari ya Segese tulikwenda watatu: baba, mimi, na Shangazi Holo. Guku alimlazimisha. "Wewe ulipigilia msumari," alimwambia, "nenda ukaung'oe." Shangazi alinung'unika njia nzima ndani ya lori, kuwa vumbi limemwingia, kuwa goti linamuuma, lakini tulipokaribia alianza kujitengeneza kilemba, akakifungua, akakifunga tena.

Mama alitupokea mbele ya wazazi wake. Alituletea maji ya kunawa, kwa adabu zote, kama wageni. Shangazi alipiga magoti, akasema, "Wifi, kitovu nilichokikata kilikuwa cha damu yetu. Nilisema vibaya." Baba aliomba radhi kwa maneno machache yaliyokatika. Kisha nikafungua daftari langu. Nikasoma kaya zote, ndimi zote, nikafika kwa Kulwa na Doto, nikaeleza kwa ufasaha. Nilidhani nimeleta ufunguo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulipokuwa unawapima hao watu wote, ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kujua kama nilikosea, mama."

"Na kama ungekuta hukukosea?"

Sikuelewa.

"Kama hao mapacha wangekunja wote wawili," mama akasema, na sauti yake ikawa ya chini mno, "leo mimi ningekuwa nani? Malaya? Mmekuja na ushahidi. Nashukuru. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka huohuo, hatua mbili kutoka kwenu. Nina mdomo. Baba yako hakuniuliza. Wifi hakuniuliza. Na wewe, uliyebisha hodi kila mlango wa Samuye, ukauliza kila mtu mpaka mama wa mapacha, mimi hukuniuliza."

Nilitazama daftari langu. Kurasa nane nimejaza majina, na jina la mama yangu halimo. Nilihisi kama mtu aliyepima kisima kwa kamba mchana kutwa na kumbe mwenye kisima amesimama pembeni, anajua kina chake.

Baba aliinamisha kichwa. Halafu, mbele ya wakwe zake, akauliza kile ambacho alitakiwa kukiuliza miaka sita nyuma. "Mama Minza. Nilipokuwa Nkome. Nakuomba uniambie."

"Hakuna kitu, Baba Minza," mama akasema. "Nilikuwa nalima. Nilikuwa nakusubiri."

Yakaisha. Neno moja la mtu, lililokuwepo siku zote, halikuhitaji daftari.

Hakurudi nasi siku hiyo. "Nitarudi mvua za kwanza zikinyesha," alisema, "kwa miguu yangu, sio kwa ulimi wa Doto." Na mvua za kwanza ziliponyesha alirudi, na baba alikuwa barabarani anamsubiri tangu asubuhi, amelowa chapachapa, akapokea mzigo wake akaubeba yeye. Kijijini walisema mengi kuhusu mwanamume aliyebeba mzigo wa mkewe kichwani. Hakujali.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa baiolojia. Alikuwa mtu mpole, anapenda chaki za rangi. Nilipofika kwenye habari ya mama kufunga khanga zake, aliweka chaki mezani na kukaa. "Ule ni mfano rahisi tu," akasema, kana kwamba anajitetea. "Vitabu vinaupenda kwa kuwa kila mtu ana ulimi." Kisha uso wake ukabadilika. "Minza, nimefundisha somo hili kwa miaka mingi. Wanafunzi wote hao walienda likizo." Baadaye niliambiwa kwamba madarasa yaliyonifuata, kabla hajalianza somo lile, aliandika ubaoni: *Usimpime mtu nyumbani kwenu.*

Na Kabula? Kabula sasa ni bibi mwenye wajukuu. Hakuelewa mambo yale wakati ule, lakini mtoto hukumbuka kwa mwili. Mpaka leo akicheka hufunika kinywa kwa kiganja. Wajukuu wake hudhani ni adabu. Mimi najua. Nikimwona anafanya hivyo kwenye harusi, katikati ya vigelegele, moyo wangu hushtuka upya kana kwamba ni mchana uleule wa Juni. Jeraha la panga nimeona likipona. Hili nalitazama hadi leo.

Basi mwanangu, wewe unayerudi nyumbani na vitabu, usiniambie naichukia elimu. Gogo lile liliinua mkokoteni kweli. Nuru hupinda majini kweli, na ukipita leo mtoni utaiona. Soma, upate hata sehemu yangu. Lakini jua kwamba mkokoteni hauna aibu na maji hayana jina la kuchafuka. Binadamu anavyo vyote viwili. Unapotoka kupima vitu ukaja kupima watu, punguza mwendo. Kitabu kikikuambia "haiwezekani", wewe sema "nimesoma hivyo", kisha utazame tena, na tena, kwa watu wengi kuliko sita. Na kabla hujatazama popote, geuka umuulize yule aliyekaa karibu nawe kwenye mkeka. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumjua mama yako kwa kumsoma mahali pengine.

Nakuombea macho yako yaone mbali, na ulimi wako uchelewe kidogo nyuma yake. Nakuombea nyumba yako iwe na kicheko kisichofunikwa na kiganja. Na siku utakapokosea, maana utakosea, Mungu akupe Guku wa kukutuma ukatazame tena, na mama atakayerudi mvua zikinyesha.